Kozi ya Kwanza ya Programu: Ianze na Nini?

Kozi ya utangulizi wa uandishi wa programu huchukua muhula mmoja, na mtaala wake unafanana karibu kila chuo duniani. Mwanafunzi hujifunza kuhifadhi thamani kwa jina, kuipa kompyuta sharti la ndiyo au hapana, kurudia hatua kwa kitanzi, kugawa kazi kubwa katika fanksheni ndogondogo, kupanga data katika safu, kisha kusoma na kuandika faili. Hesabu zinazohitajika ni za sekondari. Hata hivyo ni miongoni mwa kozi zinazoangusha watu wengi. Mwaka 2007 Jens Bennedsen na Michael Caspersen wa Denmark waliwauliza walimu wa vyuo mbalimbali, wakapata kuwa kwa wastani mwanafunzi mmoja kati ya watatu hafaulu. Mwaka 2014 Christopher Watson na Frederick Li wakakusanya matokeo ya kozi 161 kutoka nchi 15, wakapata ufaulu wa asilimia 67.7, yaani palepale. Hesabu iliyorudiwa mwaka 2019 iliwaweka walioanguka kwenye asilimia 28. Katika mabweni ya vyuo vya Tanzania tarakimu hizo zina majina yake: kusapu (kurudia mtihani), kukeri (kubeba somo hadi mwaka unaofuata), na mambo yakizidi, kudisko (kuondolewa chuoni).

Idara inapokaa kupitia upya kozi hii, sauti nne husikika. Kuna mhandisi, anayewaza kazi itakayofanywa baada ya shahada. Kuna mwalimu wa mwaka wa kwanza, anayekutana na darasa zima wiki ya kwanza. Kuna mwanahisabati, asiyependa kompyuta iwashwe mapema. Na kuna mwanafunzi, ambaye kwa kawaida haalikwi kikaoni. Ubishi wa wawili wa kwanza ndio maarufu zaidi, nao ni juu ya lugha ya kuanzia.

Mhandisi anataka C. Dennis Ritchie aliitengeneza katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1973 mfumo wa Unix uliandikwa upya kwa lugha hiyo. Kiini cha Linux nacho kimeandikwa kwa C, na simu ya Android iliyo mfukoni mwa mwanafunzi inaendeshwa na kiini hichohicho. "Anayeanza na C," husema mhandisi, "anajua kila namba inakaa wapi kwenye kumbukumbu, inachukua baiti ngapi, na nani mwenye wajibu wa kuachia nafasi hiyo kazi ikiisha. Mpe Python baadaye, ataimaliza ndani ya wiki chache. Ukianza na Python kisha umpe C mwaka wa pili, utakuwa unamfundisha kompyuta upya."

"Hayo anayajua akishavuka," hujibu mwalimu. "Wengi hawavuki." Kisha hutoa mfano ambao kila aliyefundisha C amekutana nao. Mwanafunzi anatakiwa kugeuza joto la Farenhaiti kuwa la Selsiasi. Anajua kanuni tangu sekondari: toa 32, kisha zidisha kwa 5/9. Anaandika vilevile, akianza na 5/9 na kuizidisha kwa tofauti iliyobaki. Anaingiza 212, joto la maji yanayochemka, na jibu linakuja sifuri. Anaingiza 98, sifuri. Anaingiza 500, sifuri tena. Kompaila haijalalamika, mabano yamekaa sawa, kanuni ni sahihi. Anafuta programu yote, anaiandika upya herufi kwa herufi, na sifuri inarudi. Tatizo ni kwamba 5 na 9 zimeandikwa kama namba kamili, na C ikigawanya namba kamili kwa namba kamili hutupa sehemu yote ya desimali. Tano kwa tisa, kwa C, ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa joto lolote inabaki sifuri. Akiandika 5.0 badala ya 5, programu inapona.

"Hilo ndilo somo lenyewe!" husema mhandisi. "Benki ikikata desimali bila kujua, hasara ni ya wateja."

"Ni somo zuri," hukiri mwalimu, "ila ni la wiki ya sita. Wiki ya pili mtu huyu bado hajui kama kosa ni lake, la kompyuta au la hesabu. Ameambiwa aandike mistari ya kuanzia ambayo hakuelezwa maana yake, afunge kila sentensi kwa nukta na mkato, na akisahau alama moja aletewe malalamiko ya mstari mwingine kabisa. Python, tangu toleo lake la 3 la mwaka 2008, ikigawa tano kwa tisa inatoa 0.555 na kuendelea, kama kikokotoo. Mstari mmoja unatosha kuchapisha jibu. Mwanafunzi anabaki na jambo moja la kufikiri badala ya matano."

Mhandisi huwa na jibu, na ni jibu zito. Python nayo ina mitego, na ya kwake imejificha zaidi. Iandikwe orodha iitwayo a yenye 1 na 2. Iandikwe kuwa b ni sawa na a. Kisha namba 3 iongezwe kwenye b. Ukichapisha a, ambayo hakuna aliyeigusa, utaikuta na 1, 2 na 3. Majina mawili yanaelekeza kwenye orodha moja, na aliyedhani amenakili hajanakili kitu. "Python haikuiondoa kumbukumbu," husema mhandisi. "Imeificha tu, na siku itakapojitokeza mwanafunzi hatakuwa na msamiati wa kuielezea."

Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo sababu ubishi huu haujaisha kwa miaka sitini. Mwaka 1964 John Kemeny na Thomas Kurtz wa Chuo cha Dartmouth waliunda BASIC ili hata wanafunzi wa masomo yasiyo ya sayansi waweze kuandika programu. Mwaka 1970 Niklaus Wirth wa Zürich akatoa Pascal, lugha iliyokusudiwa kufundishia mpangilio mzuri. Mtihani wa Marekani unaowapa wanafunzi wa sekondari alama za chuo kikuu ulianza na Pascal mwaka 1984, ukahamia C++ mwaka 1999, kisha Java mwaka 2003. Chuo cha MIT kilichofundisha kwa Scheme, pamoja na kitabu mashuhuri cha Harold Abelson na Gerald Sussman, kilihamia Python mwishoni mwa miaka ya 2000. Chuo cha Harvard, katika kozi yake ya CS50, kimechagua kuchanganya: wiki ya kwanza Scratch, ambamo programu hujengwa kwa kuunganisha vipande vya rangi kwenye skrini, kisha C kwa wiki kadhaa, ndipo Python. Mihadhara yake iko wazi mtandaoni bila malipo, na anayetaka kuona jinsi mwalimu mmoja anavyowaridhisha mhandisi na mwenzake anaweza kuitazama akiwa popote.

Zile takwimu za Watson na Li zina jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Walipolinganisha kozi kwa lugha zilizofundishiwa, hawakuona tofauti ya maana katika ufaulu. Hawakuona pia kuwa ufaulu umepanda kadiri miaka inavyokwenda, pamoja na lugha zote zilizoingia na kutoka. Anayeamini kuwa kubadili lugha peke yake kutaokoa kozi inabidi aeleze kwa nini hakujaiokoa kwingine.

Hapo huzuka sauti ya tano, isiyo na mwenyewe, kwa kuwa hunong'onwa zaidi kuliko kusemwa: labda programu ni kipaji, na asiye nacho hana. Mwaka 2006 sauti hiyo ilipata maandishi. Saeed Dehnadi na Richard Bornat wa Chuo Kikuu cha Middlesex, Uingereza, walisambaza andiko lililodai kuwa jaribio fupi, likifanywa kabla ya somo la kwanza, linaweza kuwatenganisha watakaofaulu na watakaoanguka. Swali lake la kwanza lilikuwa na mistari mitatu: a ni 10, b ni 20, a = b. Mwanafunzi aseme a na b sasa ni ngapi. Andiko hilo lilisomwa na walimu wengi, na wengi walilipenda, maana lilimwondolea mwalimu lawama. Mwaka 2014 Bornat mwenyewe alilikana hadharani, akaeleza kuwa dai lilizidi ushahidi. Ukanusho haukusafiri mbali kama lile dai. Bado wapo walimu wanaoingia darasani siku ya kwanza na kutangaza kuwa nusu ya waliokaa mbele yao hawatafika mwisho, na bado wapo wanafunzi wa miaka 19 wanaoambiwa hawana kichwa cha programu kabla hawajagusa kibodi kwa mwezi mzima. Huo ni ukatili usio na msingi wowote wa kitaalamu.

Mwanahisabati huingia hapa kwa hoja isiyotarajiwa: zima mashine. Nyuma yake yuko Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Mwaka 1988 aliandika kuwa katika kozi ya utangulizi mwanafunzi asipewe kompyuta ya kujaribia programu zake. Aziandike, na athibitishe kwa hoja kuwa ni sahihi, kama anavyothibitisha nadharia ya jometri. Mwaka 2001, chuo chake kilipokusudia kuiondoa lugha ya Haskell katika kozi ya kwanza na kuweka Java, aliandika barua kupinga. Java ikaingia hata hivyo.

"Haiwezekani," husema mhandisi. "Mtu hajifunzi kuogelea akiwa ukumbini."

"Na wewe," hujibu mwanahisabati, "unamtupa baharini na kuhesabu wanaoibuka. Mtazame mwanafunzi aliyekwama maabara. Anabadili alama ya "ndogo kuliko" kuwa "kubwa kuliko", anaendesha programu. Anaongeza moja, anaendesha. Anaondoa moja, anaendesha. Jibu likitokea sawa anakabidhi kazi, na hajui kwa nini limekuwa sawa. Mashine imemzoeza kubahatisha."

Mwalimu hukubaliana na nusu ya hoja hii, na nusu hiyo ndiyo inayostahili kuwa moyo wa kozi. Kuinyima kozi kompyuta ni kupita kiasi, kwa sababu furaha ya kuona mashine ikitii mstari wa kwanza ndiyo inayowarudisha wengi wiki ya pili. Lakini kabla ya kuandika programu yake, mwanafunzi anapaswa kuweza kusoma ya mwenzake na kusema, hatua kwa hatua, kitakachotokea. Kazi hiyo hufanywa kwa kalamu na karatasi. Umeme ukikatika inaendelea, na kwenye maabara yenye mashine moja kwa wanafunzi watatu, wawili wanaosubiri hawakai bure.

Kazi yenyewe inaonekana vizuri katika zoezi la kubadilishana thamani. Kuna a yenye 10 na b yenye 20, na inatakiwa a ibaki na 20, b ibaki na 10. Wanafunzi wengi huandika mistari miwili: a = b, kisha b = a. Ukiisoma kwa macho ya hesabu inaridhisha, kwa sababu tangu darasa la kwanza alama ya = imekuwa ikisema kuwa pande mbili ni sawa. Sasa mwanafunzi achore jedwali la safu mbili, moja ya a na moja ya b, na aandike chini ya kila moja thamani iliyopo baada ya kila mstari. Mwanzo: 10 na 20. Baada ya a = b, thamani iliyo kwenye b inanakiliwa kwenda a, na kilichokuwamo kinafutika: 20 na 20. Hapo kalamu husita. Namba 10 haipo tena mahali popote kwenye karatasi, na mstari unaofuata hauwezi kuirudisha. Mstari huo utanakili 20 juu ya 20. Anayeliona hilo kwa mkono wake mwenyewe huvumbua dawa bila kuambiwa: kabla ya mstari wa kwanza, 10 ihifadhiwe kwa jina la tatu, tuseme akiba, kisha b ichukue kutoka akiba. Amejifunza mambo matatu kwa mpigo: kwamba = ni amri, kwamba amri hufuatana, na kwamba kilichofutwa kimefutwa.

Mtafiti Benedict du Boulay alieleza mwaka 1986 kuwa mgeni wa programu anahitaji picha ya mashine akilini, mashine rahisi ya kufikirika inayoonyesha lugha inafanya nini kila hatua. Asiye na picha hiyo hukariri maumbo ya mistari. Ushahidi wa gharama yake ulikuja mwaka 2001, kundi la watafiti lililoongozwa na Michael McCracken lilipowapima wanafunzi 216 wa vyuo vinne waliokuwa wamemaliza kozi za utangulizi. Walitakiwa kuandika programu ya kikokotoo. Wastani ulikuwa alama 22.89 kati ya 110. Wengi walihitimisha kuwa wanafunzi hawajui kutatua matatizo. Mwaka 2004 kundi jingine, likiongozwa na Raymond Lister wa Australia, liliuliza swali la chini zaidi: je, wanajua kusoma? Lilipima wanafunzi wa nchi saba kwa maswali ya kuchagua, programu ikiwa imeshaandikwa yote au karibu yote, kazi yao ikiwa kusema itatoa nini au kuchagua kipande cha kuikamilisha. Wengi walishindwa hata hapo. Walikuwa wametakiwa kutunga insha kabla ya kujua kusoma sentensi.

Mwanafunzi, akipewa nafasi, huleta mambo ambayo wengine watatu hawakuyataja. La kwanza ni kukaa darasa moja na watu waliokuwa wakiandika programu tangu sekondari. Wao hujibu kila swali, kwa maneno ambayo hayajafundishwa, na mgeni huondoka akiamini amechelewa maisha. Chuo cha Harvey Mudd, California, kiliwatenganisha: wenye uzoefu mkondo wao, wanaoanza mkondo wao, na kikahama Java kwenda Python. Katika miaka iliyofuata, wanawake katika shahada yake ya kompyuta walipanda kutoka takriban asilimia 10 hadi karibu 40. Hatua nyingine zilichangia pia, lakini mkondo wa wanaoanza ulikuwa sehemu ya mpango huo, na ni hatua isiyohitaji jengo wala mashine mpya.

La pili ni lugha ya kufundishia. Katika Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali alijifunza kugawanya na kulinganisha kwa Kiswahili, na chuoni anasikia kitanzi kikielezwa kwa Kiingereza, kisha anapokea ujumbe wa kosa kwa Kiingereza cha kompaila, ambacho hata Mwingereza hukisoma mara mbili. "Mwalimu," husema mwanafunzi, "nikielezwa na mwenzangu bwenini naelewa kwa dakika kumi." Kauli hiyo ichukuliwe kama pendekezo. Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alianzisha miaka ya 1990 utaratibu ambao mwalimu huuliza swali, kila mtu huchagua jibu, wanafunzi hujadiliana wawili wawili, kisha huchagua tena. Kozi nne za kompyuta za Chuo Kikuu cha California mjini San Diego zilipoutumia, wastani wa walioanguka ulishuka kutoka asilimia 20 hadi 7, kwa ripoti ya Leo Porter na wenzake ya mwaka 2013. Dakika hizo za majadiliano hazina sababu ya kuwa za Kiingereza. Na majina ambayo mwandishi wa programu huyachagua mwenyewe hayana sababu hiyo pia. C na Python hupokea jumla, wastani na alama bila tatizo. Tena kuna faida ya ziada: katika programu yenye majina ya Kiswahili, mgeni huona mara moja maneno yapi ni ya lugha ya kompyuta, yasiyobadilika, na yapi ni yake, anayoweza kuyabadili apendavyo. Kwenye mfano wa kitabu, ambapo yote ni ya Kiingereza, tofauti hiyo haionekani, na wapo wanaofika katikati ya muhula wakidhani kuwa jina lililotumiwa na mwandishi wa kitabu ni amri.

Mhandisi hubakiza hoja moja, mpya kuliko zote. Akili mnemba sasa huandika programu za kozi hii. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2022, uliipa programu ya Codex maswali ya majaribio ya kozi ya utangulizi, na alama zake zingeiweka nafasi ya 17 kati ya wanafunzi 71. Zilizofuata ni hodari zaidi. "Kazini wanazitumia kila siku," husema mhandisi. "Kuzikataza darasani ni kuwafundisha vijana kazi ya jana."

Mwalimu hujibu kuwa kudesa, yaani kunakili kazi ya mwingine, kulikuwapo kabla ya akili mnemba, na kwamba madhara yake ni yaleyale: kazi imekabidhiwa, picha ya mashine haijajengwa. Lakini hapa mhandisi na mwanahisabati, kwa mara ya kwanza, wanasimama upande mmoja. Kama mashine itaandika, kazi ya binadamu itakuwa kusoma kilichoandikwa na kukataa kilichokosewa, na asiyeweza kufuatilia mistari kumi kwa kalamu hataliona kosa katika mistari mia mbili iliyotolewa kwa ufasaha. CS50 ya Harvard iliweka mwaka 2023 msaidizi wa akili mnemba aliyewekewa mipaka, anayemwongoza mwanafunzi kwa maelezo na maswali bila kumkabidhi jibu. Chuo kisicho na uwezo wa kujitengenezea msaidizi kama huyo kinaweza kubadili kitu kimoja kilicho mikononi mwake, nacho ni mtihani.

Mtihani wa kozi hii kwa kawaida humtaka mwanafunzi aandike programu. Sehemu kubwa ya alama ihamie kwenye kusoma: programu fupi imeshachapwa, mwanafunzi aseme itatoa nini, aonyeshe jedwali lake, ataje mstari wenye hitilafu na aurekebishe. C ipewe wiki zake za mwisho wa muhula, mwanafunzi akiwa tayari na picha akilini, na lile swali la Farenhaiti liwe la kwanza. Kwa kazi za nyumbani, kila mwanafunzi aketi na mwalimu msaidizi kwa dakika tano, aulizwe kuhusu mstari mmoja wa programu aliyokabidhi na nini kitatokea mstari huo ukiondolewa. Darasa la wanafunzi 300 litahitaji saa 25 kwa kila zoezi. Wasaidizi watano wataigawana kwa saa tano tano, na idara yenye msaidizi mmoja itabidi ichague mazoezi mawili katika muhula yatakayoulizwa hivyo.